Seli za Samaki Chupani: Mwongozo kwa Mwenye Kuanza Kuchunguza Virusi vya Samoni

Mwaka 1984, katika vizimba vya samoni vya pwani ya Norway, wafugaji walianza kuwaona samaki wao wakizubaa karibu na uso wa maji, matamvua yamepauka, matumbo yamejaa maji, na damu yao, ilipopimwa, imekuwa nyepesi kupita kiasi. Na matabibu wa mifugo wakayaita maradhi hayo upungufu wa damu wa kuambukiza, ambayo leo yajulikana ulimwenguni kwa herufi ISA. Haikuchukua muda mrefu kubainika kwamba yanaambukiza kweli, kwani samaki mzima akidungwa maji yaliyosagiwa viungo vya mgonjwa, naye huugua. Lakini kila maji hayo yalipomwagwa juu ya seli zilizokuwamo maabarani siku zile, seli zilikaa salama usalimini kana kwamba hazikupewa kitu. Hali ikadumu hivyo miaka 11, hata mwaka 1995 Birgit Dannevig na wenzake huko Oslo wakatangaza kwamba wamepata seli mpya, zilizotolewa katika figo ya kichwani ya samoni mwenyewe, wakaziita SHK-1, na ndani ya seli hizo kirusi kikaota.

Naanza na kisa hiki, ndugu msomaji, kwa sababu sehemu kubwa ya nitakayokueleza imo ndani yake. Muda wote huo kirusi kilikuwamo baharini kikiua. Kilichokosekana ni seli ya kukishuhudia. Basi yeyote atakaye kuyachunguza maradhi ya virusi vya samaki sharti, kabla hajamhukumu samaki kuwa mgonjwa au mzima, amjue shahidi wake: seli hizi zimetoka kwa samaki gani, katika kiungo kipi, zapenda joto la kadiri gani, na ni virusi vipi ambavyo hazivioni kabisa.

Bakteria ukiwapa lishe katika sahani huota wenyewe, ilhali kirusi hakiwezi kuzaana ila kimeingia ndani ya seli hai na kuitumikisha, na ndiyo maana zamani hapakuwa na njia ya kukifuga isipokuwa kumwambukiza samaki hai. Ukichukua kipande cha kiungo, ukakikatakata, ukazitenganisha seli zake kwa tripsini na kuzilaza chupani ndani ya maji ya lishe, nyingi zitaishi siku kadha kisha zitakufa. Lakini mara mojamoja baadhi yake huendelea kugawanyika, kizazi baada ya kizazi, miaka na miaka, na hizo ndizo tunazoziita nasaba ya seli. Katika samaki, nasaba ya mwanzo kabisa iliyodumu ni RTG-2, ambayo Ken Wolf na M. C. Quimby waliitangaza mwaka 1962 huko Marekani, asili yake ni tezi za uzazi za trauti wa upinde wa mvua. Na Wolf huyo huyo pamoja na wenzake walikuwa wamekwisha kukitenga, mwaka 1960, kirusi cha kwanza cha samaki kupatikana kwa njia ya seli, nacho ni kile cha IPN, kinachoharibu kongosho la samaki wachanga.

Sasa ukitaka kuchagua, usianze kwa kuuliza ni nasaba ipi iliyo rahisi kutunza, bali anza na kirusi unachokishuku. Kwa IPN, CHSE-214 inatosha kabisa. Asili yake ni viinitete vya samoni aitwaye chinook wa bahari ya Pasifiki, yaota upesi, haina makuu, na ndiyo niionayo kuwa yafaa kufunza mikono ya mwanafunzi. Nasaba hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa huko Ireland mwaka 1995 kukitenga kirusi cha maradhi ya kongosho, kinachoitwa kwa kifupi SAV, maradhi ambayo yalikwisha kuonekana Uskochi tangu mwaka 1976. Kwa VHS, maradhi ya virusi yanayowatoa samaki damu viungoni, wengi huchagua BF-2, iliyotoka kwa samaki wa maji matamu wa Marekani aitwaye bluegill, na kwa IHN, maradhi ya virusi yanayoua tishu za kuunda damu, huchagua EPC, ambayo nitairudia baada ya kitambo kidogo kwa kuwa ina kisa chake. Ama kwa ISA, chukua SHK-1 au ASK, ambazo zote mbili ni za figo ya samoni wa Atlantiki, au chukua TO, iliyotoka katika seli nyeupe za figo ya kichwani. Na jihadhari na CHSE-214, kwa maana baadhi ya virusi vya ISA vyaota humo na vingine havioti, na mwenye kuitegemea peke yake aweza kumpa mfugaji cheti cha usalama asichostahili.

Hekima ya kawaida ni kupanda kila sampuli katika nasaba mbili zisizofanana asili. Gharama huongezeka, najua, na kazi pia; hata hivyo ushahidi wa mmoja haukati shauri, na kizimba kimoja cha samoni wakubwa ni mali nyingi mno kuihukumu kwa chupa moja.

Nimeahidi kisa cha EPC. Nasaba hii ilielezwa mwaka 1983 kuwa ni ya samaki aitwaye kapu, na kwa jina hilo ikasambaa katika maabara za dunia nzima, ikaandikwa katika vitabu vya taratibu, ikatumiwa na watu waaminifu kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 2010 James Winton na wenzake wakazipima jeni za seli hizo, zilizokusanywa kutoka maabara mbalimbali, wakakuta kwamba si za kapu hata kidogo, bali ni za kidagaa wa Marekani aitwaye fathead minnow, ambaye nasaba yake nyingine, FHM, ilikuwa ikifugwa maabarani tangu miaka ya 1960. EPC haikuacha kufaa kwa kuupima IHN, kwa sababu kirusi hakisomi jina lililoandikwa chupani. Lakini kila mtu aliyeandika kwamba seli za kapu hufanya hivi au vile alikuwa amesema neno lisilo kweli, wala yeye hakujua.

Kwa hiyo usipokee chupa ya seli kutoka maabara ya jirani, hata akiwa rafiki wa kufa na kuzikana, ukaanza kuitumia siku ile ile. Agiza kutoka hazina zinazotambulika, kama ATCC ya Marekani au ECACC ya Uingereza. Na ikiwa huna budi kupokea ya jirani, itenge mahali pake, pima jeni yake ya COI ili uujue uzao wake, kisha pima kama ina mikoplasma, vijidudu vidogo visivyo na ukuta, ambavyo havichafui maji ya lishe wala havionekani kwa darubini ya kawaida, nazo seli huendelea kuota huku tabia zake zimepotoka. Kila chupa iandikwe jina la nasaba, namba ya mpito, yaani mara ngapi seli zimegawanywa na kuhamishwa tangu zianze kuhesabiwa, na tarehe. Namba ya mpito si pambo la daftari: uwezo wa seli wa kukipokea kirusi hutofautiana baina ya fungu na fungu na baina ya mpito na mpito, na seli zilizohamishwa mara nyingi kupita kiasi zaweza kuwa zingali nzuri machoni huku zimekwisha kuwa viziwi kwa kirusi unachokitafuta.

Mintarafu ya joto, hapa ndipo wengi waliofunzwa kwa seli za binadamu wanapoharibikiwa. Seli za binadamu hulazwa katika nyuzi 37, ilhali seli za samoni ni za samaki wa maji baridi, na joto hilo ni kaburi lake. Zikuze karibu na nyuzi 20, na ukisha kuzipanda kirusi zishushe hadi nyuzi 15, kwa maana virusi vingi vya samoni hupenda ubaridi huo. Msomaji aliye Mombasa au Dar es Salaam atambue kwamba chumba chake chenyewe kina joto kuliko zinavyoweza kustahimili seli hizi, hivyo hahitaji inkubeta ya kupasha bali yenye kupoza, tena iliyounganishwa na umeme wa akiba. Usiku mmoja wa umeme kukatika waweza kumaliza kazi ya mwaka. Kwa upande wa pili, ubaridi una fadhila yake: seli za samaki huota polepole, hazidai kuangaliwa kila siku, na chupa iliyojaa yaweza kungoja wiki kadha katika ubaridi ambapo seli za mnyama wa damu moto zingekwisha kufa.

Maji ya lishe yanayozifaa ni aghalabu ya aina mbili. Ipo MEM, ambayo katika sura yake ya kawaida yahitaji hewa iliyotiwa kabonidayoksaidi ili uchachu wake usiyumbe, na ipo L-15, aliyoitengeneza Leibovitz mwaka 1963, ambayo sukari yake ni galaktosi badala ya glukosi na uchachu wake hushikiliwa na asidi za amino zenyewe, hata yaweza kutumika katika hewa ya kawaida ndani ya chupa iliyofungwa kizibo. Mimi, kwa maabara isiyo na mitungi ya gesi ya kutegemewa, naipendelea L-15 bila kusita. Katika yoyote utakayochagua hutiwa seramu ya kijusi cha ng'ombe, kati ya sehemu 5 na 10 kwa mia. Kwa SHK-1 na ASK ni desturi kuongeza glutamini na kiasi kidogo mno cha merkaptoethanoli, na wengi hutia jentamisini kuzuia bakteria. Lakini ukiwa unatunza seli za akiba, jaribu kuzifuga bila dawa yoyote, maana dawa huficha uzembe wa mikono, na uzembe uliofichwa hukua.

Kuzihamisha si kazi ya kueleza kirefu: chupa ikisha kujaa, mwaga maji ya lishe, suuza kwa maji ya chumvi yasiyo na kalisi, tia tripsini kidogo, ngoja mpaka seli zianze kubanduka, kisha zitie lishe mpya yenye seramu ili tripsini ikome, na uzigawe. CHSE-214 huvumilia kugawanywa kwa tatu au zaidi. SHK-1 ni nyonge, igawe kwa mbili, na umwachie kila mtoto sehemu ya maji ya lishe ya mama yake, kwani seli hizi hazipendi kuamkia ugenini. Hazina ya akiba iwekwe mapema, namba ya mpito ikiwa ingali ndogo: seli changa zenye afya, katika lishe yenye seramu na sehemu 10 kwa mia ya DMSO, zipoe taratibu kiasi cha nyuzi moja kwa dakika, kisha zizamishwe katika naitrojeni oevu, penye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Gawa hazina hiyo katika mitungi miwili iliyo majengo mawili tofauti ikiwezekana.

Tufike kwenye sampuli. Samaki wanaofaa ni wale wanaougua sasa hivi au waliokufa punde, si wale waliokwisha kuvimba. Chukua figo, moyo, ini na wengu, viweke katika maji ya lishe yenye dawa za bakteria, visafiri juu ya barafu wala visigande. Visage, vizungushe katika sentrifuji, uchukue maji ya juu, na upande katika seli changa ambazo hazijasongamana, kwa kuyazimua mara 100 na mara 1000. Sababu ni kwamba maji mazito ya viungo yana sumu yake yenyewe, na seli zikifa siku ya kwanza au ya pili, aghalabu ni sumu hiyo iliyoziua, si kirusi. Weka kando chupa isiyopandwa kitu, ili ujue seli zako zinaonekanaje zikiachwa, na chupa iliyopandwa kirusi unachokijua, ili ujue kwamba siku hiyo seli zako zilikuwa na uwezo wa kuugua. Hii ya pili wengi huiacha kwa kuona ni taabu bure, lakini bila hiyo chupa kimya haikuambii neno.

Ipo hila moja ya IPN ambayo sharti uijue. Kirusi hiki chaweza kukaa ndani ya samaki asiye na dalili yoyote, na kwa kuwa chaota upesi, huzimaliza seli kabla kirusi kingine kilicho polepole hakijapata nafasi. Basi mtafiti huandika IPN, akafunga daftari, ilhali muuaji wa kweli amepita. Katika sehemu zenye IPN, changanya kwanza maji ya sampuli na seramu yenye kingamwili za IPN, uyaache kitambo, ndipo uyapande.

Kisha tazama, kila siku ukiweza, na usipoweza, usiache wiki kupita. IPN huonekana upesi, seli zikisinyaa na kuraruka hata zulia lote kuchanikachanika. IHN huzifanya seli ziviringane na kukusanyika kama vichala vya zabibu. SAV huchelewa, na katika upandaji wa kwanza aghalabu haionyeshi kitu. Kwa ISA katika SHK-1 na ASK utaona matundu kama povu ndani ya seli, kisha seli zinaviringana na kubanduka, na pengine dalili ni hafifu hata jicho lisilozoea likadhani seli zimechoka tu. Ikipita siku 14 bila dalili, usitangaze kwamba hapana kitu: chukua maji ya chupa hiyo, uyapande juu ya seli mpya, ungoje tena. Virusi kadha vilipatikana mara ya kwanza katika mpito wa pili au wa tatu.

Dalili ikionekana bado si ithibati. Jina la kirusi hulitoa kingamwili ing'aayo chini ya darubini ya fluoresensi, au kipimo cha PCR kinachotafuta jeni za kirusi, au vyote viwili. Ukitaka kujua wingi wake, zimua kumi kwa kumi katika visima vya sahani, uhesabu vilivyougua, na upige hesabu kwa njia ya Reed na Muench ya mwaka 1938, ambayo haijachakaa.

Ama ukimya wa seli, huo nauogopa kuliko dalili ya uongo. Kirusi cha ISA kina sura iitwayo HPR0, inayokaa matamvuani mwa samoni bila kumdhuru kwa dhahiri, na sura hii haioti katika nasaba yoyote ya seli tuliyo nayo. Yajulikana kwa PCR tu, ilhali ndiyo inayodhaniwa kuwa asili ya zile sura zinazoua. Tena mwaka 1999 yalionekana Norway maradhi ya moyo na misuli yaitwayo HSMI. Kirusi chake, PRV, kikatambulika mwaka 2010 kwa kusoma jeni, si kwa seli, maana nasaba zote zilikikataa. Mwishowe watafiti walikigundulia makao yake: chembe nyekundu za damu ya samoni, ambazo, tofauti na zetu, zina kiini, hivyo zaweza kutumikishwa na kirusi. Chembe hizo zilizotolewa kwa samaki na kulazwa chupani zilikipokea. Na mwaka 2017 kirusi kilichosafishwa kutoka damu ya samaki walioambukizwa kikatumiwa kuthibitisha kwamba ndicho kinacholeta HSMI. Hapakuwa na nasaba ya kudumu katika kazi yote hiyo, na ukitaka kuifuata njia hiyo leo, utahitaji samaki hai wa kutoa damu.

Wala usidhani kwamba kirusi ukitoacho chupani ni kile kile ulichokitia. Kirusi cha IPN kikihamishwa mara kwa mara katika CHSE-214, asidi ya amino ya 221 katika protini yake VP2 hubadilika, na ukali wake kwa samaki ukapungua sana, ilhali katika RTG-2 hali yake ya asili hukaa kwa muda mrefu zaidi. Fikiri, basi, mtu anayejaribu chanjo kwa kutumia kirusi alichokifuga mwaka mzima katika CHSE-214: samaki wake wote watapona, waliochanjwa na wasiochanjwa, naye hatajua kwa nini. Gandisha kirusi cha mpito wa awali mara tu kikipatikana, ukirudie hicho kila jaribio kubwa linapokuja.

Kuna kazi mpya ambazo nasaba hizi zimezifungulia mlango, nazo zastahili mwongozo wao wenyewe. Tangu mwaka 2016 ipo CHSE iliyotiwa kimeng'enya cha kukata jeni, Cas9, na kwayo jeni moja moja huzimwa ili kuona kama kirusi kitashindwa kuingia. Seli zinazofaa kwa kazi hiyo zatoka katika hazina ile ile niliyokueleza, na makosa ya nasaba na mikoplasma huharibu jaribio hilo sawasawa na yanavyoharibu upimaji wa kizimba.

Kwa wasomaji walio karibu na ziwa Viktoria neno hili la kuzijua seli zako lina uzito wa karibu zaidi, kwa kuwa kirusi cha sato kiitwacho TiLV, kilichotengwa Israel na kutangazwa mwaka 2014, kilipatikana kwa PCR katika sato wa ziwa hilo upande wa Uganda na wa Tanzania, na habari yake ikachapishwa mwaka 2018. Kirusi hiki kilitengwa katika E-11, nasaba iliyotokana na samaki wa Asia aitwaye snakehead, ambayo imebeba tangu asili yake kirusi chake yenyewe cha jamii ya retrovirusi. Ukiitumia, andika habari hiyo daftarini, na ukisoma jeni zote zilizomo chupani usishtuke ukikikuta. E-11 hupenda nyuzi 25 na zaidi kidogo, kwa hiyo maabara itakayoifuga pamoja na seli za samoni sharti iwe na inkubeta mbili, na mlangoni mwa kila moja pabandikwe majina ya nasaba zinazoruhusiwa kulala humo.